Kiti cha Thelathini na Nne

Orrin Skogstad alikuwa na neno moja la kukataa, nalo lilikuwa "sawa."

Mtu pekee aliyelijua hilo ni mkewe, Ardis. Wengine wote pale Halvard, Iowa, walilipokea kama walivyolisikia, wakaenda zao wameridhika, kisha wakashangaa mbona jambo halikufanyika. Ukimwambia Orrin aje kwenye mkutano wa kanisa Jumanne, anasema sawa. Jumanne anashinda kwake akinoa visu vya mashine ya kukatia majani. Si ukaidi. Alikuwa ameona mapema maishani kwamba ukisema hapana watu wanataka sababu, na ukisema sawa wanakuacha upumue.

Shule aliiacha darasa la nane, baba yake alipovunjika nyonga. Miaka arobaini na miwili alifanya kazi kwenye ghala la nafaka kando ya reli, pale kwenye mizani. Mkulima analeta mahindi mabichi, anaapa kwa jina la mama yake kwamba yamekauka. Orrin anatia mkono, anatazama kipimo, anatikisa kichwa mara moja. Mkulima anageuza lori. Hakuna aliyewahi kubishana na kile kichwa.

Nota za muziki hakujua kuzisoma. Alijua kupanga viti.

Maana Ardis alikuwa mpigaji wa viola, ile fidla ya sauti nene kidogo ambayo hakuna anayeisikia mpaka siku isipokuwepo. Miaka thelathini na mmoja alipiga katika Okestra ya Jamii ya Halvard, na desturi ya okestra hiyo ni kwamba mke akipiga, mume anabeba viti. Waume wengine walibeba miaka miwili mitatu, migongo yao ikaugua kwa pamoja kama iliyopatana. Mgongo wa Orrin haukuugua. Kila mahali pa kiti alipawekea alama sakafuni kwa kipande cha utepe mweupe. Viti thelathini na vinne. Cha Ardis kilikuwa cha mwisho upande wa kulia, mbele kabisa, ukingoni mwa jukwaa.

Okestra yenyewe, tuseme kweli, ilikuwa kama chakula cha pamoja kanisani: kila mtu analeta alichonacho, na mnakula. Daktari wa meno alipiga tarumbeta, na wagonjwa wake walisema afadhali akung'oe jino. Kulikuwa na ndugu wawili wa selo, ile fidla kubwa ya kubana kwa magoti, ambao hawajasemezana tangu shamba la baba yao lilipogawanywa, lakini stendi ya nota ilikuwa moja, kwa hiyo mmoja alimgeuzia mwenzake kurasa, kwa hasira. Mwongozaji, Bwana Desmond Thrale, alikuja kutoka Minneapolis na nywele ndefu na talaka mbili. Aliongoza macho ameyafumba. Labda ndiyo sababu alivumilia.

Mwaka mzima walipiga muziki wa Wajerumani waliokufa. Ikifika Julai wanakumbuka kwamba na wao wana nchi. Hapo linafanyika Tamasha la Muziki wa Amerika, Jumapili saa nane mchana, ukumbi wa shule ya sekondari. Bendera zinatundikwa kila mahali, hata kwenye bakuli la jeli. Wanapiga nyimbo za gwaride, wanapiga wimbo wa wachunga ng'ombe ambao mtu mmoja anagonga vipande viwili vya mbao ili usikie farasi, na farasi huyo kila mwaka anafika kabla ya wenzake.

Halafu linakuja lile linalongojwa: mchanganyiko wa nyimbo za majeshi. Kila jeshi lina wimbo wake. Wimbo wa jeshi lako ukipigwa, wewe uliyelitumikia unasimama ulipo, watu wanakupigia makofi, unakaa, unakuja wimbo mwingine. Kwanza jeshi la nchi kavu, mwisho kabisa walinzi wa pwani, na kwa kuwa pwani iko mbali na Halvard mwendo wa siku mbili, anasimama mzee mmoja tu, naye hupigiwa makofi mengi kuliko wote kwa huruma.

Na kila mwaka, wimbo wa kwanza, alisimama Gaylen Bruhn.

Gaylen alikuwa muuza magari. Jina lake lilikuwa nyuma ya nusu ya magari ya wilaya ile, na kwenye jalada la ratiba ya tamasha liliandikwa kubwa kuliko jina la okestra. Yeye na Orrin walizaliwa mwaka mmoja. Walipotimiza ishirini na miwili waliitwa siku moja kwenda Des Moines kupimwa kwa ajili ya jeshi. Walipanda basi moja, wakakaa kiti kimoja, wakagawana mkate wenye soseji. Jioni Orrin alikuwa mwanajeshi, na Gaylen alikuwa kwenye basi akirudi kwao. Daktari alisema nyayo zake ni bapa kama pasi.

Kuwa na nyayo bapa si kosa. Kosa lilikuja baadaye sana, na lilianzia kwenye kibofu.

Miaka kumi na moja iliyopita, siku ya joto kali, Gaylen alikunywa maji ya limau glasi nne kabla ya tamasha. Katikati ya kipindi akashindwa kuvumilia, akainuka aende msalani. Papo hapo tarumbeta zikaingia na wimbo wa jeshi la nchi kavu. Watu wakageuka. Wakamwona Gaylen Bruhn, mtu mzima na mali zake, amesimama wima, uso umekaza, jasho linamtiririka. Wakampigia makofi. Mama mmoja akalia. Gaylen angefanya nini? Angesema samahanini, mimi nakwenda kukojoa? Alisimama mpaka mwisho wa wimbo, na namna alivyotoka mbio baadaye watu walisema ni uchungu wa kumbukumbu.

Mwaka uliofuata walimgeukia kabla wimbo haujaanza. Akasimama. Mwaka wa tatu alikuwa na kofia ya askari wastaafu. Mwaka wa tano alianza kusimulia ya jeshini.

Wahenga walisema njia ya mwongo ni fupi. Hawakufika Halvard. Kule watu ni wapole mno, mwongo njia yake wanaitia lami.

Ardis aliyaona yote siku ile ya kwanza, maana kiti chake kilitazama ukumbi. Walipokuwa wakirudi alicheka mpaka akasimamisha gari pembeni ya shamba la mahindi.

"Uzalendo gani ule! Magoti yalikuwa yamebanana, mzee wangu. Nilikosa nota sita."

"Nilimwona."

"Na wewe ndiye uliyekwenda kweli, umekaa pale kama gunia la soya. Mwumbue basi."

"Sawa," alisema Orrin.

Ardis akaanza kucheka upya.

"Haya, usimwumbue. Simama tu wewe mwenyewe, hata mara moja, nikuone."

"Nilimenya viazi, Ardis. Miaka miwili, Ujerumani. Hakuna aliyenipiga risasi."

"Basi simama kwa ajili ya viazi."

Mwaka hadi mwaka ikawa hivyo. Wimbo ukianza, Ardis anamtazama mumewe juu ya viola, nyusi juu, kidevu kinamwashiria: inuka, wewe. Orrin anakaa safu ya nne pembeni, mahali alipopachagua ili aone mkono wake wa kushoto ukienda juu na chini, na wimbo huo ukipigwa anatazama viatu vyake.

Mwezi wa Februari, theluji imefika kwenye madirisha, Ardis alilazwa hospitalini. Siku ya tatu alimwita Orrin asogee.

"Julai utasimama."

"Sawa."

"Wee! Sawa zako nazijua tangu hatujaoana. Nipe neno jingine."

Orrin akalitafuta.

"Nitasimama."

"Utazame kiti changu. Usitazame watu, watakutia haya. Wataniacha na kiti changu, si hata Wendell walimwachia?"

Hiyo nayo ni desturi. Mpigaji akifa, tamasha linalofuata kiti chake kinaachwa mahali pake, kitupu, na ua juu yake. Wendell aliwahi kuwa mpigaji wa tromboni, akiipiga kama anayefukuza ng'ombe kwenye bustani, na siku alipofariki watu wengi walilala vizuri. Lakini kiti waliacha, na ua wakaweka.

Ardis alikufa siku ya nne.

Tangu hapo Orrin alikula mayai. Asubuhi mayai, jioni mayai. Viazi hakugusa.

*

Marlys Hegland, mwenyekiti wa kamati ya okestra, alikuwa mwanamke wa kuushika mkono wako kwa mikono yake miwili kabla ya kukunyang'anya kitu. Alimfuata Orrin jukwaani, Jumamosi ya Julai, mkesha wa tamasha, mazoezi ya mwisho yamekwisha.

"Orrin, ndugu yangu. Unaendeleaje?"

"Naendelea."

"Sote tunamlilia. Sote. Mimi jana nilimlilia kwenye gari." Akaushika mkono. "Sasa, kuna kajambo kadogo. Mwaka huu Gaylen atasoma maneno kati ya wimbo na wimbo. Historia, majemadari, mambo kama hayo. Ameandika mwenyewe. Na unajua jukwaa letu lilivyo dogo."

Orrin alijua. Alikuwa na utepe wake sakafuni.

"Atasimama pale mbele, upande wa kulia. Kwa hiyo kile kiti cha Ardis tutakiondoa tu. Ua tutaliweka mezani, pale kwenye kahawa. Tena huko ndiko wengi watakakoliona! Kila mtu anapita kwenye kahawa."

"Wendell aliachiwa."

"Wendell alikaa nyuma, mwenzangu. Nyuma hakuna tatizo. Unaelewa, eti?"

"Sawa," alisema Orrin.

Marlys akaupapasa ule mkono, akaurudisha kwa mwenyewe, akaenda zake amefurahi. Baadaye aliwaambia watu Orrin ameipokea vizuri mno, kweli yule ni mtu wa imani.

Jumapili saa sita mchana Orrin alifungua ukumbi, akapanga viti thelathini na vinne. Cha mwisho alikifuta kwa leso. Juu yake akaweka ua jeupe alilolikata bustanini kwa Ardis, ambako magugu yalikuwa yamefika magotini kwa sababu hakujua lipi gugu na lipi si gugu.

Saa saba Marlys aliingia, akakiona, akakikunja, akakiegemeza ukutani nyuma ya pazia. Hakusema neno. Orrin akakitoa nyuma ya pazia, akakikunjua, akakirudisha kwenye utepe wake. Hakusema neno. Marlys akakitoa tena, safari hii akakipeleka mpaka chumba cha mifagio. Orrin alikuwa na ufunguo wa chumba cha mifagio. Waliendelea hivyo mbele ya daktari wa meno aliyekuwa akipasha tarumbeta yake moto, naye kwa malezi mema akajifanya haoni.

Mara ya nne Marlys alisimama, akapumua, akatabasamu. Ndipo Orrin alipojua kwamba yeye ndiye ameshindwa.

"Unajua nini, Orrin? Umefanya vizuri. Gaylen magoti yanamsumbua, hawezi kusimama saa mbili nzima. Atahitaji mahali pa kukaa. Gaylen! Njoo, kiti chako kiko hapa!"

Gaylen akaja na kofia yake na suti ya rangi ya maziwa. Akaliona ua.

"Hili ni la nini?"

"La Ardis," Orrin alisema.

"Maskini. Mwanamke mzuri alikuwa." Gaylen akaliinua ili akae. Akawa nalo mkononi, hajui pa kulipeleka. Marlys akalichukua, akatoa pini kwenye mkoba, akamchomekea kifuani.

"Basi! Gaylen atamvalia Ardis ua lake. Hata ni vizuri zaidi."

Gaylen akakaa. Kiti kikalia kidogo. Mtu aliyekileta pale kiti hicho mara nne ni Orrin mwenyewe, kwa mikono yake.

*

Ukumbi ulijaa. Orrin alikaa safu ya nne, pembeni, na kando yake shemeji yake Verna, mdogo wa Ardis, mwanamke mwenye sauti ya kuitia kuku.

"Nani yule amekalia kiti cha dada?"

"Gaylen."

"Na ua?"

"Gaylen."

"Haya bwana," alisema Verna, na katika Halvard hilo ni tusi.

Bwana Thrale akafumba macho, tamasha likaanza. Wimbo wa gwaride ukapita, baadhi ya wapigaji wakiwa mbele na baadhi nyuma. Farasi wa mbao akafika peke yake, akawangoja wenzake. Kila kimya kilipotokea Gaylen aliinuka kwenda kwenye kipaza sauti, akasoma. Alisoma habari za majemadari. Alisoma habari za mashamba, akasema mahindi yetu ndiyo nyimbo zetu, jambo ambalo Orrin, aliyepima mahindi miaka arobaini na miwili, hakuwahi kuligundua. Kisha anarudi kukaa, anapanua miguu, anapangusa jasho. Joyce, mpigaji mwingine wa viola, alikuwa amesogea mbali naye mpaka kiti chake kimetoka kwenye utepe.

Orrin hakuwa anasikia. Alikuwa na hesabu moja tu kichwani. Alimwambia Ardis atasimama. Alimwambia atatazama kiti. Sasa akisimama na kutazama kile kiti, atakuwa amemsimamia Gaylen Bruhn, na Gaylen atamwitikia kwa kuinamisha kichwa. Na asiposimama, basi lile neno alilompa mkewe hospitalini litakuwa "sawa" nyingine.

"Na sasa," alisoma Gaylen kwenye kipaza sauti, sauti imeshuka, "tuwaheshimu wale waliokwenda." Akarudi akakaa. Ngoma ikalia. Tarumbeta zikaingia na wimbo wa jeshi la nchi kavu.

Wazee wakaanza kuinuka, huyu huku, yule kule, wakishika migongo ya viti. Makofi. Orrin mikono yake ilikuwa juu ya magoti. Haikuinuka.

Ndipo mazoea ya miaka kumi na moja yalipomshika Gaylen. Alikuwa amemaliza maneno yake, angeweza kukaa kimya, hakuna ambaye angemlaumu. Lakini aliona watu wanamgeukia, wanamngoja. Akainuka. Mkono kifuani, juu ya ua. Akapiga hatua moja mbele ili taa imwangukie vizuri, na hatua ya pili.

Nyuma yake kiti kikabaki kitupu.

Kilikuwa pale pale, kwenye utepe wake, kimeelekea safu ya nne.

Orrin akasimama.

Magoti yalipiga kelele, na Verna akamvuta koti.

"Shemeji! Choo kiko kushoto!"

"Siendi chooni," alisema Orrin.

Orrin si mtu wa kupaza sauti. Lakini Bwana Thrale alikuwa amewashusha wapigaji ili filimbi isikike, na filimbi ilikuwa imesahau kuingia. Yale maneno yalikwenda ukumbi mzima, yakapanda jukwaani, yakamfikia Gaylen Bruhn usoni.

Gaylen akaangalia yalikotoka. Akamwona Orrin wa basi la Des Moines, Orrin wa mkate wenye soseji, ambaye miaka yote hajawahi kusimama, amesimama na anatazama upande wake hata kope hazichezi. Rangi ikamtoka Gaylen mpaka akafanana na suti.

Orrin hakumwona. Alikuwa anatazama pembeni ya kiuno cha Gaylen, kwenye kile kiti. Aliona nyusi zimepanda. Aliona kidevu.

Wimbo ukaisha. Wazee wakakaa, ukaanza wimbo wa pili. Orrin hakukaa. Alikuwa amechelewa miaka mingi, hakuona haraka ya nini. Gaylen akarudi nyuma hatua mbili, akakunja magoti taratibu kukitafuta kiti, matako yakishuka kama ndoo kisimani.

Hapo ndipo Orrin alipomwona. Akatikisa kichwa, mara moja, kama pale kwenye mizani.

Gaylen akageuza lori. Akanyooka.

Ukaja wimbo wa wanamaji, Gaylen amesimama. Ukaja wa jeshi la anga, Gaylen amesimama, mguu mmoja unatetemeka. Watu wakatazamana. Jeshi la nchi kavu alikwenda, sawa, alishatusimulia. Majini pia? Angani pia? Alipata wapi nafasi ya kuuza magari? Lakini Halvard si mji wa kuuliza. Ukaja wimbo wa walinzi wa pwani, na yule mzee wao mmoja alipoinuka akakuta jukwaani kuna mwenzake, akafurahi hata akampungia mkono.

Basi mama mmoja akasimama, kwa kuona labda ndivyo inavyotakiwa mwaka huu. Jirani yake akasimama ili asiwe amekaa. Safu ikaivuta safu. Punde si punde ukumbi mzima ulikuwa wima, kila mtu akiamini mwenzake ndiye anayejua sababu, na makofi yakapasua dari.

Bwana Thrale akafumbua macho. Alikuwa hajawahi kusimamiwa na ukumbi mzima, hata kwenye harusi zake zote mbili. Akageuka, akainama mpaka nywele zikafagia jukwaa. Kisha, machozi yakimlengalenga, akainua fimbo yake na kuurudia mchanganyiko wote tangu mwanzo.

Gaylen akatoa mlio mdogo. Joyce wa viola ndiye pekee aliyeusikia, akapiga vizuri kuliko siku zote.

*

Baadaye watu walizunguka meza ya kahawa, penye mikate ya nyama ya nguruwe na lile bakuli la jeli ya kijani yenye karoti, chakula ambacho Halvard hakuna anayekipenda na hakuna anayethubutu kutokileta. Orrin alikuwa jukwaani anakunja viti. Gaylen akapanda ngazi kwa kushika ukuta.

"Orrin. Bwana wee. Miguu yangu."

Orrin akakunja kiti.

"Umewaambia?"

"Nini?"

"Usinifanyie hivyo, rafiki yangu. Lile la basi."

"Basi lipi?"

Gaylen akamtazama usoni asijue kama amesamehewa au amewekwa akiba. Hakujua siku ile, na hajui mpaka leo, na kila Julai ikikaribia anapungua kilo mbili. Orrin alinyoosha mkono.

"Ua."

"Eh?"

"Lete."

Gaylen akahangaika na pini, ikamchoma kidole, akalitoa. Lilikuwa limelegea, jasho limeligeuza rangi. Orrin akalitia mfuko wa shati, akaendelea na viti.

Gazeti la mji lilitoka Alhamisi. Liliandika kwamba Bwana Bruhn alikataa kukaa kwa heshima ya majeshi yote, kwamba ukumbi uliinuka pamoja naye, na kwamba kamati inafikiria kuifanya desturi. Jina la Orrin halikuwemo. Verna alimpigia simu amsomee, akatukana kati ya kila mstari.

Jioni hiyo hiyo simu ikalia tena. Orrin alikuwa jikoni, sufuria mbele yake, kisu mkononi. Maganda ya viazi yalikuwa yanashuka mezani marefu, membamba, bila kukatika, maana kazi ya miaka miwili haisahauliki.

"Orrin, ndugu yangu, ni Marlys. Unaendeleaje?"

"Naendelea."

"Nafurahi kusikia. Sikia, shule wanasema kuna kiti kimoja cha kukunja hakionekani. Nikasema labda Orrin alikipakia kwenye gari kwa bahati mbaya. Si umri tena."

Orrin akatazama ng'ambo ya meza. Kiti kilikuwa pale kimekunjuliwa, kimemwelekea yeye. Juu yake glasi ya maji, na ndani ya glasi ua.

"Utakirudisha, eti?"

"Sawa," alisema Orrin, akachukua kiazi kingine.